Kusahau na Kupendana: Hadithi za Mapenzi Zapimwa kwa Sayansi ya Ubongo

Wasomaji wa riwaya za mapenzi wanaifahamu vema hadithi hii. Wapendanao wawili wanaishi pamoja kwa raha. Siku moja inatokea ajali: gari linapinduka, au mmoja wao anateleza ngazini. Anapozinduka hospitalini anamtazama mwenzake aliyekesha kando ya kitanda, kisha anamwuliza, "Wewe ni nani?" Hapo hufuata kurasa nyingi za machozi na mashaka. Mwishoni wimbo wa zamani unasikika, au kichwa kinagongwa mara ya pili, na kumbukumbu zote zinarejea kwa ghafula kama taa iliyowashwa.

Kisa cha namna hii si kipya. James Hilton, mwandishi Mwingereza, alikitumia katika riwaya yake Random Harvest ya mwaka 1941, inayomhusu askari aliyepoteza kumbukumbu zake katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Katika miaka ya karibuni kisa hicho kimeingia pia katika riwaya na filamu za Ulaya na Marekani zinazosimulia mapenzi ya wanaume wawili au ya wanawake wawili.

Katika makala haya tutajiuliza maswali matatu. Je, ubongo husahau kwa namna inayoelezwa na watunzi wa hadithi? Mtu akimsahau mwenzake, je, mapenzi nayo hufutika? Na je, ni nani anayestahili kunena kwa niaba ya mtu asiyekumbuka? Tutaanza na filamu moja iliyotungwa kwa uangalifu, kisha tutaingia katika maabara na hospitali, na mwisho katika mahakama.

SAFARI YA SAM NA TUSKER

Filamu yenyewe inaitwa Supernova. Iliandikwa na kuongozwa na Harry Macqueen wa Uingereza, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Colin Firth anaigiza kama Sam, mpiga piano, na Stanley Tucci anaigiza kama Tusker, mwandishi wa riwaya na mpenda nyota. Wanaume hawa wawili wamepita umri wa ujana, nao wamekuwa wapenzi kwa miaka ishirini. Tusker amepatwa na dimenshia, yaani maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra, akiwa bado hajafikia uzee. Wanasafiri kwa gari lao kuukuu lenye vitanda ndani, kuelekea kwenye milima na maziwa ya kaskazini ya Uingereza, ili waonane na ndugu na marafiki.

Katika filamu hii hakuna ajali wala muujiza. Mapema katika safari Tusker anatoka garini na kutokomea, na Sam anamtafuta kwa hofu mpaka anampata kando ya barabara. Baadaye Sam anafungua daftari ambamo mwenzake anaandika kitabu chake kipya. Kurasa za mwanzo zina mwandiko safi. Kadiri anavyofunua, herufi zinapinda, maneno yanakatika, na hatimaye mistari haisomeki tena. Hivyo Sam anajifunza kwa karatasi yale ambayo Tusker amekuwa akimficha kwa mdomo. Anagundua pia kwamba mwenzake amekusudia kuuaga ulimwengu kabla ya kufikia siku ya kutojitambua. Kutokana na hayo yanazuka mabishano mazito: mmoja anataka kumtunza mwenzake hadi mwisho, na mwingine anakataa kuwa mzigo kwa ampendaye.

Mtaalamu wa ubongo hatapata mengi ya kusahihisha hapa. Dimenshia si ugonjwa mmoja bali ni kundi la maradhi, na lililo la kawaida zaidi ni lile lenye jina la Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani aliyelieleza mwaka 1906. Maradhi hayo huingia polepole kama maji yapenyayo ukutani. Tena si lazima yaanze kwa kusahau majina. Wagonjwa wengine hushindwa kwanza kuandika, kusoma, au kukadiria mahali kitu kilipo. Kwa hiyo daftari la Tusker ni dalili ya kweli, na mtunzi alifanya vema kulitumia badala ya gari kupinduka.

KARANI WA MASJALA

Ili tuelewe jinsi mtu anavyoweza kusahau baadhi ya mambo na kubaki na mengine, yatupasa kujua kwamba kumbukumbu si ghala moja. Ukweli huu ulijulikana waziwazi kutokana na msiba wa mtu mmoja.

Henry Molaison alizaliwa Marekani mwaka 1926. Tangu ujana wake aliteswa na kifafa kisichosikia dawa. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa na daktari William Scoville katika mji wa Hartford. Daktari aliondoa sehemu za ndani za ubongo katika pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Jina hilo la Kiyunani lina maana ya farasi wa baharini, kwa sababu kiungo hicho kidogo kimepinda mfano wa samaki huyo.

Kifafa kilipungua sana, lakini Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya tukio lolote. Aliweza kuzungumza, kuhesabu na kutania. Aliwakumbuka wazazi wake na utoto wake. Bali mtu aliyezungumza naye asubuhi, akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alikuwa mgeni kwake. Hali hiyo iliendelea mpaka alipofariki mwaka 2008. Wakati wote wa uhai wake vitabu vya sayansi vilimtaja kwa herufi mbili tu, H.M.; jina lake kamili lilitangazwa baada ya kifo chake.

Tunaweza kuifananisha hipokampasi na karani wa masjala katika ofisi kubwa. Kila barua inayoingia hupitia mikononi mwake. Yeye huipa namba, huiunganisha na barua nyingine za jambo lilo hilo, na baada ya muda huifikisha kwenye makabati yaliyo katika vyumba mbalimbali. Makabati hayo ni ganda la ubongo. Karani akifariki, mafaili ya zamani hubaki mahali pake, lakini barua mpya hazina wa kuzipokea.

Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Montreal, Kanada, ndiye aliyegundua kwamba ofisi hii ina mlango mwingine. Alimpa Molaison kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kazi hiyo ni ngumu kwa kila mtu, maana kioo hugeuza mwelekeo. Molaison aliirudia kwa muda wa siku tatu, na makosa yake yakapungua siku hata siku. Hata hivyo, kila siku alisema kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mkono wake ulikuwa umejifunza jambo ambalo mwenyewe hakulijua. Kumbukumbu ya matukio ilikuwa imepotea, bali kumbukumbu ya ustadi ilikuwa nzima, kwa kuwa hiyo hutunzwa na sehemu nyingine za ubongo, ikiwemo serebelamu iliyo kisogoni.

JARIBIO KWA DARASA

Walimu wanaweza kulirudia jaribio hili kwa gharama ndogo. Chora nyota yenye pembe tano kwa mistari miwili iliyo sambamba, ikiachana kwa nusu sentimita. Simamisha kioo mbele ya karatasi. Ikinga karatasi kwa jalada la kitabu, ili mwanafunzi asiione moja kwa moja bali aione katika kioo tu. Mwambie apitishe penseli kati ya mistari hiyo miwili kuizunguka nyota nzima.

Mwanafunzi wa pili apime muda na kuhesabu mara ambazo penseli imegusa au kuvuka mstari. Jaribio lirudiwe mara kumi kwa siku, kwa siku tatu. Kisha darasa lichore grafu: idadi ya majaribio katika mhimili wa mlalo, idadi ya makosa katika mhimili wa wima. Mstari utashuka. Waulizwe wanafunzi: je, unaweza kueleza kwa maneno ni kitu gani hasa ulichojifunza? Watagundua kwamba mkono umeelewa jambo ambalo ulimi hauwezi kulisema.

KINACHOPOTEA KWANZA

Mwaka 1881 Théodule Ribot, mwanasaikolojia wa Kifaransa, alieleza kanuni ambayo madaktari wanaitumia hata leo: ubongo unapoumia, kumbukumbu za karibuni hudhurika kuliko za kale. Mfano wetu wa masjala unatusaidia tena. Barua zilizofika karibuni zingali mezani kwa karani, na moto ukizuka ndizo zinazoteketea kwanza.

Kanuni hii inaonyesha kosa moja la watunzi wengi. Katika riwaya, mgonjwa husahau hata jina lake na utoto wake, lakini siku ya pili anaanza kujifunza mambo mapya bila taabu. Kwa kawaida hali halisi ni kinyume: mgonjwa anajijua, ila mambo mapya hayashiki. Mwaka 2004 Sallie Baxendale, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo makala kuhusu usahaulifu katika sinema. Filamu nyingi hazikufaulu mtihani wake. Miongoni mwa chache zilizofaulu ilikuwamo Finding Nemo, filamu ya katuni ya mwaka 2003, ambamo samaki wa buluu aitwaye Dory anasahau anayoambiwa muda mfupi tu baada ya kuambiwa. Kuhusu kichwa kugongwa mara ya pili, sayansi ina jibu fupi: pigo la pili huongeza madhara, wala haliponyi.

Lakini kanuni hiyo hiyo inaonyesha pia kwa nini kisa cha wanaume wawili wapendanao huwa na uzito wake wa pekee. Tuchukue mtu wa miaka arobaini aliyeumia kichwa na kupoteza kumbukumbu za miaka kumi na mitano ya mwisho. Anawakumbuka wazazi wake, shule yake na rafiki zake wa ujana. Hamkumbuki mwenzake wa maisha, maana walikutana baadaye. Kama angekuwa mume aliyemsahau mkewe, jamaa wangemwonyesha picha za arusi, wangemsimulia siku ile na kumtajia mashahidi. Lakini kama watu hawa wawili waliishi kwa siri, hakuna picha ukutani, hakuna shahidi, wala jamaa wa kusimulia. Mgonjwa amerudi katika umri ambao huenda hakuwa amemwambia mtu yeyote siri yake. Kumbukumbu yote ya mapenzi yao imebaki katika kichwa kimoja tu, cha yule anayeketi kando ya kitanda. Huo ndio mtihani, nao hautokani na ubongo peke yake.

HISIA ZISIZOHITAJI KUMBUKUMBU

Sasa tuje kwenye swali la pili: je, mapenzi hufutika? Clive Wearing alikuwa mwanamuziki Mwingereza. Mwezi Machi 1985 virusi vya hapesi viliushambulia ubongo wake na kuiharibu hipokampasi. Tangu hapo kumbukumbu yake ilidumu kwa sekunde chache tu, chini ya nusu dakika. Aliandika katika shajara yake, tena na tena, kwamba ndiyo kwanza ameamka; kisha akayafuta maneno hayo, kwa kuwa hakukumbuka kuyaandika.

Hata hivyo, mambo mawili hayakupotea. La kwanza ni muziki: aliweza kupiga piano na kuongoza kwaya. La pili ni mkewe, Deborah, waliyeoana muda mfupi kabla ya ugonjwa. Kila alipoingia chumbani, hata kama alikuwa ametoka kwa dakika chache, Clive alimlaki kwa furaha ya mtu aliyetengana na mpenzi wake kwa miaka mingi. Mzigo ulimwelemea Deborah, wakapeana talaka; lakini mwaka 2002 wakarudia viapo vyao vya ndoa. Mwaka 2005 alitoa kitabu kuhusu maisha hayo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walilichunguza jambo hili kwa majaribio. Mwaka 2010 walitoa matokeo kuhusu wagonjwa watano ambao hipokampasi zao zilikuwa zimeharibika. Walionyeshwa vipande vya filamu vya kuhuzunisha, na siku nyingine vya kufurahisha. Muda mfupi baadaye walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyaona, lakini huzuni au furaha ilikuwa bado imewajaa. Mwaka 2014 watafiti hao walionyesha kwamba mambo huwa vivyo hivyo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Sababu husahaulika, hisia hubaki.

Matokeo haya yana maana kubwa kwa kila anayemtunza mgonjwa. Watu wengine husema, "Nikaenda kumtazama wa nini, na kesho hatakumbuka kwamba nilikuja?" Jibu la sayansi ni kwamba atabaki na utulivu ulioletwa na ziara hiyo, ingawa hajui umetoka wapi. Vivyo hivyo, ukaripiaji husahaulika lakini uchungu wake huendelea. Waswahili husema mazoea yana taabu. Mazoea ya miaka ishirini, jinsi ya kushikana mkono, sauti fulani, harufu ya nguo, hayakuandikwa yote kwa karani wa masjala. Mengine yameandikwa mahali ambapo maradhi huchelewa kufika.

NANI ANENE KWA NIABA YA MGONJWA?

Swali la tatu liliulizwa katika mahakama, si katika riwaya. Sharon Kowalski, mwalimu wa elimu ya viungo katika jimbo la Minnesota, Marekani, aliishi na mwenzake, Karen Thompson, naye mwalimu wa chuo kikuu. Walikuwa wamevishana pete na kununua nyumba pamoja, lakini hawakuwa wamewaarifu wazazi juu ya uhusiano wao. Novemba 1983 gari la dereva mlevi liligongana na gari la Sharon. Ubongo wake uliumia vibaya. Alipozinduka hakuweza kutembea, usemi wake uliharibika, na kumbukumbu yake ya mambo ya karibuni ilipungua sana.

Karen alikwenda kila siku kumsaidia katika mazoezi. Mwaka 1985 baba wa mgonjwa alipewa ulinzi kamili wa binti yake kisheria, akamkataza Karen kumwona. Kwa zaidi ya miaka mitatu hawakuonana. Karen hakukata tamaa, akaendelea na kesi. Madaktari walipompima Sharon upya, walieleza mahakamani kwamba, pamoja na upungufu wa kumbukumbu zake, aliweza kueleza mapendeleo yake kwa namna ya kutegemewa, na kila alipoulizwa jibu lilikuwa moja: anataka kurudi nyumbani kwa Karen. Wawili hao waliruhusiwa kuonana tena mwaka 1989, na Desemba 1991 Mahakama ya Rufani ya Minnesota ilimpa Karen ulinzi wa mwenzake.

Kesi hii ina funzo la sheria na funzo la sayansi. Kwa upande wa sheria, iliwazindua watu wengi nchini humo kuhusu haja ya kuandika mapema jina la mtu atakayewasemea wakiugua. Kwa upande wa sayansi, ilionyesha kwamba mtu asiyekumbuka alichokula asubuhi anaweza kujua kwa hakika ni nani anayemtaka awe karibu naye. Sam na Tusker wa filamu wanaishi katika wakati mwingine: Uingereza ilitunga sheria ya kutambua uhusiano wa watu wa jinsia moja mwaka 2004. Kwa hiyo mtunzi hakuwa na haja ya kuwasimamisha mlangoni mwa hospitali wakithibitisha wao ni nani. Aliweza kuwapa tatizo lile lile linalomkabili kila mume na mke: jinsi ya kumwaga mtu ambaye bado yupo.

HITIMISHO

Msomaji asidhani kwamba maradhi haya ni ya nchi za baridi peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 walikuwa na dimenshia, na walio wengi wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa Afrika ya Mashariki, uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba dimenshia ipo miongoni mwa wazee wa vijijini pia. Si uchawi wala ukaidi wa uzee, bali ni ugonjwa wa kiungo cha mwili, kama ulivyo ugonjwa wa moyo.

Kwa mwalimu wa fasihi, hadithi za usahaulifu ni mahali pazuri pa kuwauliza wanafunzi: je, tukio hili lingewezekana? Kwa mwalimu wa baiolojia, ni njia ya kuingia katika somo la ubongo kwa mlango wa moyo. Na wote wawili wanaweza kuonyesha kosa kuu la riwaya hizo, ambalo ni kubwa kuliko lile la kichwa kugongwa mara mbili. Riwaya hizo hudhani kwamba mapenzi ni orodha ya matukio, na kwamba orodha ikipotea kilichobaki ni watu wawili wasiojuana. Molaison alijifunza nyota bila kukumbuka nyota. Clive Wearing alimlaki mkewe bila kukumbuka alitoka lini. Sharon Kowalski alijua aendako. Katika maradhi yaendeleayo huja siku ambayo hata haya hudhoofika, na sayansi bado haijapata dawa ya kuizuia siku hiyo. Lakini kabla haijafika ipo miaka, nayo si miaka mitupu. Mgonjwa asiyelijua jina lako huenda bado anatulia ukimshika mkono.